Mwenye Simu Aje Mwenyewe

Saa nane na dakika kumi mchana, fundi kufuli alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa, anamalizia jino la mwisho kwa tupa, simu ilipolia. Akaweka tupa chini, akafuta vumbi la shaba kwenye suruali, akapokea. Alikuwa mkewe, aliyefariki mwaka juzi.

"Baba Pacha, umekunywa dawa ya presha?"

Akasema amekunywa. Mkewe akamwambia aache uongo, hiyo sauti ni ya mtu ambaye hajanywa. Fundi akatoa kidonge mfukoni, akakimeza bila maji, karibu kabisa na simu ili asikike.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, na wapangaji walishazoea: ikifika saa nane hakuna aliyemletea kufuli, mzee anaongea na mkewe. Wawili hao hawakuongea makubwa. Kazi ya fundi ilikuwa kumkumbusha mkewe, kwa sababu marehemu husahau upesi. Alimkumbusha kwamba pacha wa pili alizaliwa anapiga chafya, kwamba mlango wa jikoni huvutwa kwanza ndipo husukumwa. Wakati fulani fundi aliugua akakosa kupokea siku mbili, na ya tatu mkewe akauliza hiyo jikoni ni ya nani.

Simu aliinunua mkewe mwenyewe, mjini kwa dada yake, alikokwenda kuuguzwa. Hapa kwao wodi mpya ilikuwepo, vitanda vimetandikwa, ila ilikuwa imefungwa miezi minane ikisubiri mkubwa fulani apate nafasi ya kuja kukata utepe. Alikuja, akakata, akapigwa picha. Mke wa fundi alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Kutoka ugenini ilirudi simu, ufa pembeni umezibwa kwa rangi ya kucha.

Jumatatu ukaingia ujumbe. Fundi hakusoma sana shuleni, huwa anashika neno moja moja kama anayepanda ngazi gizani. Mteja mpendwa, simu yako haikununuliwa katika maduka yetu. Itafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asante kwa kuwa nasi. Aliurudia mara tatu, kisha akaharibu funguo mbili za watu.

Jumanne aliazima simu ya fundi viti wa jirani, iliyonunuliwa dukani kwa kampuni ya simu, akatia laini yake humo. Saa nane na dakika kumi ikalia. Aliyekuwa hewani ni marehemu mama mkwe wa fundi viti, akitaka kujua kwa nini simu aliyoiacha iko kwa mwanamume asiyemjua. Fundi akaomba radhi, akachomoa laini.

Jumatano alikwenda dukani kujaribu simu mpya kabisa. Saa ikafika, ikapita. Hakuna aliyekwisha kufa akiwa na simu hiyo mkononi, hivyo hapakuwa na wa kupiga.

Alhamisi asubuhi akarudi na risiti ya ugenini, akapanga foleni. Dada wa dirisha la tatu alikuwa na adabu zake zote.

"Mwenye simu ni nani, mzee?"

"Mke wangu."

"Basi aje mwenyewe."

"Amefariki."

Dada akabonyeza, akasoma. "Nimeona. Lakini anapiga kila siku, mfumo unaonyesha. Kama anaweza kupiga, anaweza kuja."

Fundi akamuuliza kufuli la mlango wao walilinunua wapi. Dada akasema hajui, alilikuta.

"Nililitia mimi," akasema fundi. "Sikuuliza mlikolinunua."

Dada akatabasamu, akaita namba inayofuata.

Mchana wa siku hiyo akamweleza mkewe. Mkewe akasema atakuja, ila ni mbali na miguu bado inamsumbua, asimtarajie kabla ya Jumatatu.

Ijumaa saa sita simu ikafungwa. Fundi aliigeuzageuza. Miaka thelathini na moja kazini, hakuwahi kushika kitu kilichofungwa kisichokuwa na tundu. Jumamosi na Jumapili hakula cha maana. Alihesabu: siku mbili ndizo zilizoipoteza jikoni, na sasa ni tatu.

Jumatatu mkewe alikuwa dukani kabla ya milango kufunguliwa, amevaa gauni la kijani na ndala za hospitali. Mlinzi akampa namba kama mtu mwingine yeyote. Alipomwona mumewe alisita kidogo.

"Baba Pacha," akasema, kama anayebahatisha. "Umekonda."

Dirisha la tatu likamwomba kitambulisho. Kitambulisho kilirudishwa serikalini siku ya kuchukua cheti cha kifo. Dada akasema basi aandike barua, na barua akaiandika, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto. Itapelekwa makao makuu. Waje kesho kuuliza.

Wakaja kesho, na keshokutwa. Wakubwa wa makao makuu hawakujibu, labda nao kuna utepe wanausubiri. Fundi alikaa naye kwenye viti vya kungojea, akamwambia tena habari za chafya na mlango wa jikoni. Mkewe alisikiliza kwa heshima, lakini maneno ya mdomoni hayakukaa. Yalikaa yale ya kwenye simu tu, na simu ilikuwa mfukoni, nyeusi. Duka likifungwa aliondoka zake upande mwingine, na fundi hakuruhusiwa kumfuata.

Wiki ya tatu fundi alichelewa, akakuta kiti kimoja tu kimebaki, pembeni ya mkewe. Akaketi. Mkewe akasogeza gauni kumpisha, akamtazama mikono yenye vumbi la shaba.

"Kaka," akasema, "na wewe simu yako imefungwa?"

Fundi akafuta mikono kwenye suruali.

"Imefungwa, dada."

"Ulinunua wapi?"

"Alinunua mke wangu. Ugenini."

Mkewe akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema watu hawa hawana utu, kisha akaomba amshikie nafasi, akanywe maji. Fundi akaweka mkono juu ya kile kiti kitupu. Dirisha la tatu likaita namba ya mtu mwingine.