Suruali Kwenye Wavu wa Paa

Kibao kinachokataza kuanika nguo kwenye uwanja wa helikopta nilikiandika mimi mwenyewe, kwa rangi nyekundu, tena kwa majidai. Mimi ndiye mkuu wa zimamoto juu ya paa la hospitali. Kitu chochote kinachopeperuka kinaweza kunaswa na mapanga ya helikopta, na ikianguka hapa, chini yetu kuna wodi nzima ya wagonjwa. Haya yote nayajua. Lakini asubuhi ile tulifanya mazoezi ya kumwaga povu, suruali yangu ya kazi ikalowa chapachapa, na hakuna mahali nguo hukauka upesi kama kwenye wavu wa usalama unaozunguka uwanja. Nikaifunga pale kwa kamba, nikaketi kibandani na bukta, bosi mzima.

Mke wangu akapiga simu, analia. "Mama ameanguka, ni moyo. Wanamleta kwenu kwa helikopta."

Mama mkwe hajawahi kunikubali. Kwake mimi ni "huyo mlinda paa," kwa kuwa tangu niajiriwe hakuna moto uliowaka. Na sheria yetu haina mjadala: bila wazimamoto wawili waliovaa kamili, mpira wa maji mkononi, taa inabaki nyekundu na rubani hatui. Zamuni tulikuwa wawili tu. Hospitali nyingine iko mbali, na kwa moyo ule mama asingefika.

"Mkuu, vaa!" mwenzangu akapiga kelele. "Hao wanaonekana!"

Nikakimbilia wavuni na bukta yangu. Fundo lile, ambalo huwa nawafundishia wengine kwa maringo, likagoma kufunguka. Nikaling'ata kwa meno huku machozi yananitoka, maana niliogopa kweli. Suruali ilikuwa bado inachuruzika. Nikaivaa hivyo hivyo, nikashika mpira. Taa ikawa kijani.

Helikopta ikatua salama, bila cheche wala moshi. Mapanga yaliposimama, wauguzi wakamshusha mama mkwe kwa machela, wakampitisha mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

Macho yake yalishuka polepole hadi kwenye suruali yangu, yakabaki pale yakitazama maji yanavyotiririka kuingia kwenye buti.

Alipopata nguvu ya kuketi, aliwatoa watu wote wodini, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Siku ile niliona. Mwanaume mzima, umejikojolea kwa hofu ya kunipoteza. Sitamwambia mtu."

Nikafungua mdomo nimweleze habari za povu, wavu na kibao. Mkono wake ulikuwa bado umenishika.

"Asante, mama," nikasema.

Siku hizi nikienda kwake hupewa kiti cha heshima, sebuleni, mbele ya wakwe wengine wote. Kabla sijakaa, yeye mwenyewe hukitandika nailoni.