Mishono ya Buluu

Tumbo lilikuwa limefumuka kwenye mishono. Ermelinda alikuwa ameinama kuokota kuni chini ya mpungate wenye miiba alipomwona: iguana jike, mjusi mkubwa wa mkia wa miiba, chali, sisimizi wakiingia na kutoka, majivu yaliyolowa usaha yakimwagika kama uji uliochacha. Uzi ulikuwa wa buluu. Uzi wake.

Jumatatu ya Juma Kuu alimpasua akiwa hai, akatoa mayai, akajaza majivu, akamshona, akamwachia. Ndivyo walivyofanya wanawake wa bonde la Motagua tangu enzi za bibi zao: ukimshona vizuri hupona, na mwakani hukuletea mengine. Na hakuna aliyeshona kama Ermelinda. Sifa hiyo aliivaa kama hereni. Sasa aliziacha kuni palepale, akashuka kilima.

Nyumbani, mama mkwe wake, Eduviges, alikwisha kumfunga iguana mwingine miguu mgongoni. Nyanya zilichemka.

"Umechelewa, mwanangu. Lete sindano. Mumeo kazunguka kilima kizima, kapata huyu mmoja tu. Iguana wavivu siku hizi, hawazai!"

"Nimemwona wa Jumatatu, mama."

"Enhe! Kapona?"

"Kaoza."

Eduviges akacheka. "Basi ulishona huku unasinzia."

"Nilishona kama alivyonifundisha mama yangu."

"Wa mama yako walipona wote!"

"Nani aliwaona?"

Mwiko ukasimama chunguni. Ermelinda alitafuta kichwani hata mmoja, kovu moja tu likipita juani juu ya mawe. Hakumpata. Bonde lote lilikwisha kulimwa matikiti. Kilichobaki ni kilima kile cha miiba, na kila mwaka walimwachia mnyama pale, wakampa kisogo, wakaenda kula, midomo ikimeta kiini cha mayai.

"Kesho Ijumaa Kuu," Eduviges alisema, sauti imepungua. "Wifi zako wanakuja na tortilla zao za mahindi. Niwape maharage badala ya mayai, wanicheke?"

"Kaone kwanza."

Akamkwapua iguana pamoja na kamba zake. Mayai yalimsukuma kiganja kupitia ngozi. Eduviges akamfuata akinung'unika, kuhusu jua, kuhusu magoti, kuhusu wakwe wa siku hizi.

Hawajaufikia mpungate, Eduviges akajiziba pua kwa shali.

"Nimeshaelewa. Turudi."

"Bado, mama." Ermelinda akamshika kiwiko. "Hujaona."