Ndiyo Yangu ya Kiingereza

Mimi Eunike sikuzaliwa mwoga. Muulizeni mama yangu kule Akheri, atawaambia nilivyomtimua nyani kwenye migomba nikiwa na mwiko tu mkononi. Lakini Kiingereza, jamani! Kiingereza kilinitia hofu mpaka nikawa nakosa usingizi, nakosa na njaa, mimi ninayejulikana ukoo mzima kwa kupenda ndizi.

Shule niliyopangiwa ni ya bweni, wasichana watupu, huku huku kwenye miteremko ya Meru. Jina lake nitalimeza. Miaka saba ya msingi nilifundishwa kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, halafu Januari unavuka geti la sekondari unaambiwa kuanzia leo kila kitu Kiingereza, hata kuomba kwenda chooni. Ukinaswa na neno la Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unazunguka nacho kutwa nzima kama ng'ombe mwenye kengele. Wiki ya kwanza kuna njuka mmoja, ndivyo sisi wageni wa fomu wani tunavyoitwa, alijikojolea mstarini kwa sababu sentensi ya kuombea ruhusa ilimpotea. Tulicheka, lakini kila mmoja wetu alikuwa anacheka huku anaikariri ile sentensi kimoyomoyo.

Aliyenifanya nisitoroke ni Nashipae. Yeye alitoka upande wa pili wa mlima, magharibi huko, kwao ni wafugaji na wakulima. Kitanda chetu kilikuwa cha ghorofa, mimi juu, yeye chini. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, tofauti ni kwamba yeye hakuona haya. Alikuwa ananigongea ubao wa kitanda kwa kidole kila asubuhi na kusema, "Gudi moning, Eunike, tumeamka hai." Alinichekesha hata siku ambazo sikutaka.

Usiku wa kwanza aliniambia kitu kimoja ambacho sikukisahau. Baba yake hakutaka aje. Shangazi yake ana mgahawa Namanga na alikuwa anamtaka msichana wa kumsaidia, na baba alishakubali, ila mama akalia na mchungaji akaingilia kati. Basi mzee akatoa neno lake: nenda, lakini ukirudishwa kwa kosa lolote, mimi sikurudishi tena, utakwenda kwa shangazi. "Na baba yangu akishasema, amesema," Nashipae akaniambia.

Jumamosi ya wiki ya pili matroni alifanya ukaguzi bwenini. Tulisimama mbele ya vitanda, matranka yako wazi, yeye anapekua. Akafika kwa Nashipae, akashika mto, akaukung'uta. Pa! Kitochi, simu ndogo ya vibonyezo, kikaanguka sakafuni, betri huku, mfuniko kule. Simu shuleni kwetu ni kosa la kufukuzwa, na hilo hata njuka analijua. Nikamtazama Nashipae. Alikuwa anakishangaa kitochi kile kama sisi wengine. Haki ya Mungu, nililala kitanda cha juu ya chake siku kumi na mbili, na sikuwahi kuiona simu ile hata siku moja. Mto wa njuka ni mahali pazuri sana kwa mkubwa kuficha kitu chake. Mpaka leo kitochi kile hakijapata mwenyewe.

Mchana tukaitwa ofisi ya mwalimu wa nidhamu, mmoja mmoja. Mwalimu Ludovick. Ah, huyo bwana! Mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na Kiingereza chake kinatoka puani. Watu walisema tangu aje shuleni hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia anaongea Kiswahili. Zamu yangu ikafika, nikaingia. Daftari kubwa la makosa lilikuwa wazi mbele yake, na kitochi juu yake.

Akaongea maneno mengi. Mengine yalinipita juu kama ndege za kule uwanja wa Kisongo. Nilijua nikikosea hapa simwangushi Eunike tu, namwangusha Nashipae. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini wazee hawakuwahi kusimama mbele ya Mwalimu Ludovick. Ningeuliza kwa lugha gani? Mwisho akasema polepole, kidole juu ya simu:

"Eunike, didn't you see Nashipae with this phone?"

Nikalishika swali neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikalipanga kichwani: hukumwona Nashipae akiwa na simu hii? Moyo wangu ukafurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Ndiyo, sikumwona! Na neno la "ndiyo" nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu.

"Yes, sir!" nikasema.

Akainua uso. Akaniuliza kama nina uhakika.

"Yes, sir!" Safari hii kwa sauti, kifua mbele. Nilijiona wakili kabisa.

Akaandika mstari mmoja mrefu kwenye daftari, akanionyesha mlango. Nilitoka pale nimelowa jasho lakini najisifu. Nilisema, Eunike, leo umemwokoa mwenzio, na umemwokoa kwa Kiingereza.

Saa kumi jioni nikamkuta Nashipae anafunga tranka lake. Matroni amesimama mlangoni na barua mkononi, bodaboda inanguruma nje. Nashipae hakulia. Aligeuka tu akanitazama, na kwa Kiswahili, kibao na kiwe kibao, akaniuliza, "Eunike, wewe umeniona wapi na simu?"

"Mimi? Nani kasema nimekuona?"

"Mwalimu. Amesema rafiki yangu mwenyewe ameniona. Mara mbili amekuuliza, mara mbili umekubali."

"Muongo!" nikapiga kelele. "Nashipae, mwalimu ni muongo, mimi nimekutetea!"

Matroni akanifokea nikae kimya. Nashipae akabeba tranka lake akapita mbele yangu. Alisema matroni ameshampigia baba, na shangazi anapita Jumatatu kumchukua, basi. Hakuniaga.

Mkisikia hofu, hiyo ndiyo hofu. Jumapili kanisani nilikaa kwenye benchi mikono imepoa. Kama mwalimu ameniwekea maneno mdomoni, nani atanisikiliza mimi njuka? Na kwa nini aniwekee? Nilifika mlangoni kwake mara mbili baada ya ibada, na mara mbili nikarudi. Mara ya pili nilishainua mkono kabisa kugonga, nikasikia anakohoa ndani, nikakimbia. Najichukia kwa hilo. Nilikimbia kikohozi cha mtu.

Jumatatu, kipindi cha pili, akaingia Madam Silantoi. Huyu alikuwa mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, ametoka chuo Makumira juzi juzi, mdogo wa umbo, mwenye kicheko. Akasimama mbele akauliza darasa zima, "Aren't you hungry?" Yaani, hamna njaa? Na sisi, tuliokunywa uji asubuhi ile ile, tukajibu kwa pamoja: "Yes, madam!" Tukimaanisha, ndiyo madam, hatuna.

Madam akacheka mpaka akashika meza. Kisha, kwa kuwa ni mtu na si jiwe, akashusha sauti, akatueleza kwa Kiswahili. "Sikilizeni, hapa ndipo wengi mnapokwama. Kwetu, 'hamna njaa?' unajibu 'ndiyo', una maana ndiyo, ni kweli, sina. Mwingereza hatazami swali lako limeulizwaje. Yeye anatazama kitu chenyewe. Kama njaa huna, jibu ni *no*. Ukisema *yes*, umesema unayo."

Akaandika ubaoni. Sikuona alichoandika. *Didn't you see Nashipae?* Yes, sir. Nina uhakika? Yes, sir! Kumbe mwalimu hakusema uongo. Kumbe ni mimi. Mimi kwa mdomo wangu, kifua mbele, nimemsindikiza rafiki yangu mpaka kwenye bodaboda, halafu nikatoka najisifu! Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Nilisimama katikati ya kipindi. Madam akaniita jina. Sikuomba ruhusa, na ile sentensi niliyoikariri wiki mbili sikuikumbuka hata herufi. Nikatoka mbio.

Hofu yangu ilikuwa imeshaniishia au vipi, sijui, maana mkono ule ule ulioshindwa jana uligonga mlango mpaka ukauma. Mwalimu Ludovick akasema niingie. Nilisimama pale, machozi hayo, kamasi hizo. Nikatafuta maneno. "Sir, Saturday, my yes is bad," nikasema. "My yes is no."

Akavua miwani. Kisha akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akauliza taratibu:

"You mean, you didn't see her?"

Lo! Swali lile lile limerudi. Niwaambieni ukweli, hapo ndipo nilipotaka kufa. Kila kiungo changu kilikuwa kinapiga kelele *yes*, ndiyo, sikumwona, sema ndiyo! Neno "no" lilikuwa kinywani kwangu kama jiwe. Kwangu mimi "hapana" ilikuwa na maana ya kwamba si kweli, nilimwona. Nilihisi nikilitamka nitakuwa nimemzika Nashipae mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Nilikuwa nimesoma ile kanuni dakika kumi zilizopita. Je, kama nimeielewa vibaya? Je, kama Madam mwenyewe amekosea? Nikafumba macho.

"No, sir," nikasema. Kisha nikaogopa, nikaongeza yote niliyokuwa nayo: "No see. No phone. Nashipae no."

Nilipofumbua macho alikuwa anakata ule mstari mrefu kwa kalamu. Akasema, kwa Kiingereza rahisi, kwamba bila shahidi hakuna kesi, maana mto unaweza kuwekewa kitu na yeyote. Akachukua simu yake, akatafuta namba ya baba yake Nashipae kwenye fomu, akapiga, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro. Shangazi anapita Jumatatu, alisema Nashipae, lakini hakusema saa ngapi. Ikaita. Ikaita tena. Nikaanza kumwomba Mungu kwa Kimeru.

"Haloo," sauti nzito ikajibu.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikamsikia Mwalimu Ludovick anaongea Kiswahili. Kizuri, laini, cha mtu aliyelelewa nacho. "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Nashipae, napiga kutoka shuleni. Samahani mzee wangu, mtoto hajaondoka na shangazi yake?"

"Ndiyo," mzee akasema.

Nilikaa chini, sakafuni, ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Ndiyo! Ameondoka! Kiingereza kilikuwa kimeshanijaa kichwani, nikamsikia mzee wa watu kwa masikio ya Madam Silantoi. Nikaona Namanga, nikaona Nashipae anaosha sahani, na mimi ndiye niliyempeleka.

Lakini Mwalimu Ludovick alishusha pumzi. "Afadhali, mzee, nimewahi," akasema. "Basi asiondoke. Hana kosa lolote, kosa ni letu shuleni. Namwomba arudi darasani."

Mzee akakohoa. "Kama mwalimu unasema hana kosa, mimi nani? Shangazi yake yuko hapa anakunywa chai, ataondoka peke yake. Kesho asubuhi namleta mwenyewe."

Nikalia pale pale sakafuni, kwa furaha, kwa aibu, kwa yote. Mwalimu akakata simu. Akaniambia ninyanyuke niende darasani, na akaniambia kwa Kiingereza, kile cha puani, kama vile yule mtu mwingine wa Kiswahili hakuwahi kuwepo.

Nikanyanyuka, lakini sikuondoka. Kuna kitu kilikuwa kinapanda kifuani, na mimi nikishakasirika hofu hukaa pembeni. Nikamwambia kwa Kiswahili, machozi hata hayajakauka:

"Mwalimu, mzee amesema ndiyo, nawe umeielewa papo hapo. Hukumuuliza hata mara ya pili. Yangu mimi ulishindwaje kuielewa?"

Akatazama daftari. Akalifunga, akalifungua tena kwenye ukurasa ule wenye mstari uliokatwa. Nilisimama kumsubiri anijibu, kwa lugha yoyote aliyotaka, mpaka kengele ya mapumziko ikagonga.