Kuku wa Kifuniko Chekundu

Kaka yangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasoma baiolojia, na utafiti wake wote ulikuwa uani kwetu, unawika na kutaga. Alitaka kuonyesha kwamba kuku anaweza kujifunza rangi. Nusu ya kuku aliwafunga uzi mguuni, akawafundisha kuwa mtama uko chini ya kifuniko chekundu, si cha bluu. Nusu nyingine aliwaacha na ujinga wao, ili awalinganishe.

Tatizo, msimamizi wake hakumwamini. "Matokeo matamu hivi umeyapika," alimwambia. "Nitakuja kujionea. Nikikuta porojo, mwaka unarudia."

Siku yenyewe mama akatoka jikoni, kisu mkononi, jogoo kwapani.

"Mama, huyo ana uzi!"

"Uzi nitautoa."

"Huyo ni utafiti!"

"Mwalimu mzima aje kwangu, aondoke na maji tumboni?"

Ilibidi kaka apige magoti ndipo jogoo akaachiwa.

Msimamizi akafika, mwanamke wa makamo mwenye macho ya kupekua. Mimi wageni siwawezi. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, nikachungulia. Kaka akapanga vifuniko. Kuku kumwona mgeni, wote wakakimbilia ukutani, wenye uzi na wasio na uzi. Nadhani tabia hiyo waliichukua kwangu, maana mimi ndiye ninayewalisha.

"Ndio wasomi wenyewe hao?" akauliza msimamizi.

"Wana aibu, Mwalimu."

"Aibu haikuwemo kwenye pendekezo lako la utafiti."

Msimamizi akaketi, akavua viatu vilivyombana, akanyoosha miguu. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi, nyekundu kama pilipili.

Jogoo ndiye aliyeanza. Alizitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akazitazama kwa la pili, kisha akatoka mbio. Wenzake wa uzi wakamfuata.

"Jamani, nakufa! Watoeni!" Mwalimu alikuwa tayari juu ya kiti, gauni kalikunja mkononi.

"Si nilisema achinjwe!" mama akapiga kelele.

Kaka kaganda kama mti. Sijui nilitokaje mlangoni. Nilijikuta katikati ya ua, nagonga kifuniko chekundu kwenye kopo la mtama, na wale kuku wakanifuata hadi kwenye kona. Hapo ndipo nilipogundua kuwa watu wananitazama. Nikainamia kuku kama nawahesabu.

Msimamizi bado alikuwa juu ya kiti, lakini kidole kimeelekea ukutani.

"Wale mbona hawakuja?"

"Hawana uzi, Mwalimu," kaka akajibu kwa sauti ndogo. "Hao sikuwafundisha."

Msimamizi akawatazama wale waliotulia ukutani, akajipapasa kidole cha mguu.

"Basi umefaulu, mwanangu. Malizia kuandika. Na uandike pia kwamba vifuniko si lazima." Akashuka taratibu, akavaa viatu haraka. "Kwa hiyo utafiti umekwisha?"

"Umekwisha, Mwalimu."

Akamgeukia mama. "Dada, yule jogoo nimemsamehe. Ila nikimwona tena, awe kwenye sahani."

Mama kisu hakuwa hata amekiweka chini.