Moyo Upande wa Kulia

Mama Panya, kama walivyomwita mtafiti huyo pale maabara, alitazama skrini iliyounganishwa na hadubini, akaitazama tena. Viinitete vya panya wa kawaida, ambao hakuwagusa, vyote vilikuwa na moyo kulia.

Haiwezekani! Kiinitete kingali kidogo kama punje ya mchele, seli za kushoto hutoa protini ya kupeleka habari, na seli nyingine huidaka kwa vipokezi vyake, kama masikio. Ndipo moyo unapojua pa kuelekea. Na panya aliowaondolea vipokezi, ili mioyo yao ipotee njia, walikuwa katika kizimba kingine kabisa.

"Umenichanganyia vizimba!" alimfokea mtunza panya, mzee waliyemwita Mjomba. "Kazi ya miaka yote imekwenda na maji!"

"Sijachanganya kitu," alisema Mjomba, na kununa akanuna.

Ili amwonyeshe ushahidi, Mama Panya aliisogeza sahani ya viinitete mpaka lebo yake ikaingia kwenye picha. Herufi zikatokea kinyumenyume. Akainama haraka akachungulia kwenye hadubini yenyewe, bila kamera. Mioyo yote ilikuwa kushoto, imetulia mahali pake.

Alishusha pumzi ndefu, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mjomba, nisamehe. Kazi iko salama. Kamera ilikuwa inageuza picha kama kioo."

"Nani aliyeichezea?"

"Mimi, jana."

Mjomba akachukua ndoo yake ya chakula cha panya. "Basi siku nyingine ukitafuta wa kumfokea, kioo unacho."