Mikaratusi Iliyokatwa Kifuani

Siku zamu yake ilipofika katika likelemba, ule mchango ambao wanawake wa kambi ya Mugunga huzungushiana, Séraphine hakununua godoro wala mabati. Alijifunga kitenge chake cha kanisani, akamwita Dancille, mwenzake wa kukata kuni, wakaingia mjini Goma mpaka Murara, kwenye duka la Yuma, muuza misumeno ya injini, ile iitwayo tronsoneze.

"Watu wanasema umepata wazimu, Mama Rosette," Dancille alimwambia njiani. "Mutu analala chini, ananunua tronsoneze."

"Waseme."

"Mimi nimewaambia wazimu wako uko na faida. Mikono yangu imechoka na shoka."

Wanawake hao wawili walikuwa na kazi yao inayojulikana. Wenye mashamba ya mikaratusi kando ya njia ya Sake waliwaita kila juma, nao wakaangusha, wakakata vipande, wakapasua, na kuni zikaenda kupika maharage ya kambi nzima. Kwa kazi hiyo ya kila juma msumeno wa injini ulikuwa haki yao, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Yuma alikuwa mtu wa Maniema kwa upande wa baba, mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Alianza kwa kuwatolea msumeno mkubwa kuliko yote, akautua mezani kwa kishindo.

"Huyu ndiye baba yao. Wapasua mbao wa Walikale hawataki mwingine."

Séraphine aliunyanyua, akaurudisha mahali pake.

"Baba yao abaki nyumbani," akasema Dancille. "Sisi tunatafuta mutoto mwenye kutumika."

Yuma akacheka, akaleta wa pili, mwepesi kidogo, kisha wa tatu, mdogo kabisa, ambao ulimi wake wa chuma, ule unaozungukwa na mnyororo, haukuzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole.

"Lakini huu uko wa miti midogo, mama. Siwezi kukudanganya."

"Mti wa unene wa paja utaukata?"

"Paja ya nani?" Yuma akauliza, na jicho lake likapotea kidogo upande wa Dancille.

"Sema paja yako, papa," akajibu Dancille. "Ya kwangu itakuulia tronsoneze."

Hapo ndipo Séraphine alipofanya jambo lililomshangaza mwenye duka. Aliuchukua ule msumeno wa pili, akauinua mpaka usawa wa kifua chake, akaulaza kama mtu anayekata ukuta, akasimama hivyo. Akaingia dereva kununua mnyororo, akachagua, akabishana, akatoka. Mikono ya Séraphine ikaanza kutetemeka, akauweka chini. Akachukua ule mdogo, akasimama vilevile. Mteja mwingine akaja, akaondoka. Mikono haikutetemeka.

"Huu," akasema.

Yuma alikuwa ameacha kucheka.

"Mama, unapimia wapi? Muti unakatwa ku muguu. Unainama, unakata chini, kisiki kinachipua, kesho yake uko na miti mitatu mahali pa mumoja. Mukaratusi uko hivyo. Ukiukata ku kifua, unachipua juu kama nywele za mugonjwa, upepo unakuja unavunja vyote, na kisiki kinaoza."

"Najua, papa Yuma."

"Na nguzo inakuwa fupi. Hakuna mujenzi atainunua."

"Hilo nalo najua."

Dancille aligeuka, akaanza kutazama makopo ya oli kana kwamba hajawahi kuyaona. Yuma akashusha sauti.

"Hiyo haiko kazi ya kuni."

"Itakuwa ya kuni siku zote. Kuna siku moja tu haitakuwa ya kuni."

Yuma alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi nauzisha," akasema mwishoni. "Siulizi." Lakini alikwenda nyuma akaleta mnyororo mpya, akaufunga kwa mikono yake mwenyewe, akamwonyesha jinsi ya kuchanganya petroli na oli, na alipomkabidhi msumeno akaongeza: "Ukikata ku kifua, usisimame nyuma ya muti. Muti uliokatwa juu unapiga teke."

*

Sasa na ielezwe siku hiyo moja ilikuwa ya nini.

Juu ya Sake, katika vilima vya Masisi, mbele ya lango la nyumba ya Émile, mume wa Séraphine, ulisimama mti wa muvumu uliopandwa na babamkwe wake alipokuwa kijana. Muvumu haupandwi kwa ajili ya mbao wala matunda. Watu huupanda langoni ili useme kwa niaba yao. Vita hufukuza watu, nyumba huungua, ua hufutwa na mvua, lakini muvumu hubaki umesimama, na mwenye kurudi huunyoshea kidole: hapa palikuwa mlango wetu. Katika kilima kile hapakuwa na karatasi iliyopata kuushinda muvumu.

Jirani yao alikuwa Adalbert, mpasua mbao, baba wa ubatizo wa binti yao Rosette. Vita vilipopanda kilimani, waliobaki ni wale waliopatana na wenye bunduki, na Adalbert alibaki. Wenzake waliokimbia, Émile na Séraphine miongoni mwao, walipokuwa wakilala juu ya mawe meusi ya Mugunga, yeye alichukua msumeno wake mkubwa akaulaza muvumu, akachimba hata mizizi, akalima juu yake, kisha akajaza mikaratusi shamba zima. Alijua alilolifanya. Desturi ya kilima ni kwamba mgeni aweza kupewa mahali pa kupanda maharage, lakini mti hapandi. Apandaye mti ndiye mwenye ardhi.

Vita vilipopumzika, Émile alipanda kwenda kudai. Kapita wa kilima, muzee Zihindula, ambaye ndiye mwamuzi wa mipaka, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja: "Muvumu wako uko wapi?"

Adalbert alikuwepo. Akasema labda muvumu nao ulikimbia vita pamoja na wenyewe. Watu wakacheka.

Émile alirudi Mugunga, akalala ameligeukia turubai la kibanda kama mtu aliyekata tamaa, na kipindupindu kilipopita kambini hakikuhitaji nguvu nyingi kumchukua. Séraphine akazika, akalea watoto, akakata kuni za watu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kila alipoinama kwenye mguu wa mti wa mtu mwingine, alikisikia kile kicheko, na hakuwahi kujaribu kukisahau.

Basi Dancille alipoleta habari kwamba wale wenye bunduki wamehama kilima, na kwamba Adalbert amemwahidi mfanyabiashara wa Goma nguzo za shamba lote, na lori litapanda baada ya Jumapili, Séraphine hakusema mengi. Alisema tu kwamba zamu yake ya likelemba imefika kwa wakati wake.

*

Walipanda lori la alfajiri mpaka Sake, kisha wakakwea kilima kwa miguu, msumeno umefungwa mgongoni mwa Séraphine kwa kitenge, kama mtoto. Jua lilikuwa limeshatoka walipofika. Hakutaka kuja kama mwizi. Alitaka aonekane.

Mikaratusi ilisimama safu kwa safu, iliyonyooka, yenye unene uleule aliousema dukani. Miti mizuri. Aliutazama wa kwanza, akavuta kamba, injini ikalia, akainua msumeno mpaka kifuani. Mnyororo ukaingia mtini bila ubishi, mti ukaegemea, ukaanguka ukiburuta majani ya mwenzake. Kilichobaki kilisimama kimo cha mtu aliyekatwa kichwa. Akaenda kwa wa pili.

Sauti ya msumeno huita watu kuliko kengele. Wakaja wenye majembe, wakaja wanawake na ndoo zao, akaja muzee Zihindula na fimbo yake. Mwishoni akaja Adalbert, bado anatafuna.

"Nani anakata miti yangu?"

"Bado iko?" Dancille akamwuliza. "Tulifikiri ilikimbia vita pamoja na wenyewe."

Watu wakacheka, safari hii upande mwingine. Adalbert akafungua kinywa ajibu, lakini macho yake yakatua kwenye visiki, na uso ukambadilika. Hakupiga kelele ya mtu aliyeibiwa. Alipiga kelele ya fundi.

"Kata chini! Mama Rosette, kata chini, unaiua!"

"Najua," akasema Séraphine, akakata mwingine kifuani.

Adalbert alimjia kwa haraka, mkono umenyooshwa ili ampokonye. Séraphine akageuka. Msumeno ulikuwa bado unanguruma, na ulikuwa kimo kilekile, na kimo hicho kilikuwa cha kifua cha Adalbert pia. Wote wawili waliliona jambo hilo kwa wakati mmoja. Séraphine alisikia jinsi msumeno ulivyokuwa mwepesi, ulivyokuwa hauombi chochote mikononi mwake isipokuwa hatua moja ya mbele, na alielewa kwamba hatua hiyo anaiweza. Alikaa na ujuzi huo kwa muda. Kisha akarudi nyuma, akazima injini.

"Mahali pa muvumu ni wapi?" akauliza.

"Muvumu gani?"

Akavuta kamba. Mti ukaanguka. Akazima.

"Mahali pa muvumu ni wapi, papa Adalbert? Ukionyesha, iliyobaki naikata chini. Ukinyamaza, naikata hivi mpaka wa mwisho."

"Muzee," Adalbert akamgeukia kapita, "umusimamishe huyu mwanamuke. Hii ni uharibifu."

Zihindula aliegemea fimbo yake. Hakuwa mtu shujaa. Miaka yote ile alikuwa ameamua kama upepo ulivyovuma, na upepo ulikuwa umehama na wenye bunduki.

"Bwana yake nilimuuliza swali hili," akasema. "Leo yeye anakuuliza wewe. Mimi nasikiliza."

Séraphine akaendelea. Safu ya kwanza ikaisha. Katikati ya safu ya pili Adalbert alikuwa ameacha kutukana, anafuata nyuma yake, anagusa kila kisiki kama daktari aliyechelewa, anasema kwa sauti ya chini, "Mama Rosette. Mama Rosette, hii miti haina kosa." Naye akaendelea kukata, kwa kuwa muvumu nao haukuwa na kosa, wala Émile.

Mti mmoja mnene kidogo kuliko mingine ulipoanza kuegemea, Adalbert alikimbia. Watu walidhani anakimbia asiangukiwe. Kumbe alikwenda moja kwa moja kati ya safu ya nne na ya tano, akapiga ardhi kwa mguu.

"Hapa! Acha. Ulikuwa hapa."

Injini ikanyamaza.

"Sema vizuri, muzee asikie."

"Hapa palikuwa muvumu wa baba ya Émile." Akapiga ardhi tena kwa mguu. "Nilikata mimi. Mizizi nilichimba mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele vifupi, wakaacha, maana uso wa Séraphine haukuwa wa sherehe. Alikuwa amengoja kwa miaka maneno hayo, akidhani yakifika moto wa moyoni utazimika. Maneno yalikuwa yamefika, na moto ulikuwa palepale. Kapita alikuwa akisema sasa mpaka unajulikana, sasa mambo yamekwisha, watu waende. Adalbert akainua mguu ili atoke.

"Usitoke," akasema Séraphine.

"Nimeonyesha. Ulisema nikionyesha..."

"Nilisema iliyobaki nitaikata chini, na nitaikata chini. Lakini ukitoka hapo, kesho utasema palikuwa pengine. Shahidi aliyekuwa amesimama hapo ulimlaza. Basi simama mahali pake mpaka tupande mwingine."

Adalbert akamtazama kapita. Zihindula akatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka, akawaza kidogo, akasema kwamba mpaka bila alama si mpaka. Watu wakakubali. Vijana wawili wenye majembe wakasogea karibu na Adalbert, bila kuambiwa na mtu.

Dancille alitumwa ng'ambo ya bonde, kwenye lango la shangazi yake, kukata kigogo kibichi cha muvumu, maana muvumu huota kwa kuchomekwa tu ardhini. Aliaga bila haraka. "Niko munene, nachoka upesi," akasema. "Musiningoje kwa nguvu."

Mvua ikaja, mvua ya Masisi isiyo na utani. Wengi walijificha chini ya majani ya migomba, lakini hawakuondoka. Adalbert alisimama kati ya safu, shati limemganda mwilini, maji yanamtiririka kidevuni. Séraphine hakujificha. Alitimiza neno lake: akainama, akaukata mti kwenye mguu, akainuka, akaenda kwa mwingine, akainama tena. Mgongo ulimuuma kwa namna aliyoizoea. Miti ikaanguka kulia kwa Adalbert, ikaanguka kushoto kwake, mmoja ukaanguka karibu hata tawi likampiga begani, naye akabaki palepale, kwa kuwa kila alipotikisika watu waliokuwa chini ya migomba walisema pamoja, kwa upole, "Muvumu."

Dancille alirudi mvua ikiwa imekonda, kigogo begani, anatembea kama mtu anayekwenda harusini.

"Mama Rosette," Adalbert akaita. Meno yake yaligongana. "Naweza kutoka sasa?"

Séraphine hakuinua kichwa. Alikuwa na mti mbele yake.

Dancille ndiye aliyemjibu, huku akitua mzigo wake miguuni pa yule mtu.

"Shika kigogo kwanza, papa. Shika wima. Ulikuwa muti siku nzima, na muti hauulizi."

Adalbert akapiga magoti matopeni, akakishika kigogo kwa mikono miwili, na vijana wakaanza kuchimba.