Kidonge cha Nyumba Mbili

Damu ilianza puani, Ongeri akinywa uji wa asubuhi, na Phelesia akadhani ni joto tu. Alimbana mumewe pua kwa kitambaa cha maji baridi. Kitambaa kikalowa, akaleta kingine. Jua lilipopanda, mzee alikuwa anatema damu ya fizi, na alipojaribu kwenda msalani alianguka mlangoni kama gunia lililokatwa kamba.

Jirani mmoja mwenye pikapu aliwatoa Migori akawafikisha Homa Bay, kwenye hospitali ya misheni alikokuwa akitibiwa moyo. Njia nzima kichwa cha Ongeri kilikuwa mapajani mwa Phelesia, mke mkubwa, na miguu yake mapajani mwa Edinah, mke mdogo. Wanawake hao wawili hawakusemezana. Hilo halikuwa jambo jipya. Walikuwa wameishi boma moja tangu Edinah aolewe, na walichokuwa wakipeana ni salamu ya asubuhi na moto wa kuwashia jiko.

Daktari alitoka wodini akawakuta barazani pamoja na Omanga, mdogo wake Ongeri, aliyekuwa akiuza ndizi pale Homa Bay.

"Damu yake imekuwa kama maji," daktari alisema. "Ile dawa ya moyo niliyompa huzuia damu isigande, kwa sababu moyo wake unapiga bila mpangilio na damu inaweza kuganda ndani. Lakini sasa imezidi mno mwilini. Ama ameimeza kupita kiasi, ama amekula kitu kingine cha jamii hiyo."

"Kitu kama nini?" Omanga akauliza.

"Ziko sumu za panya zinazotengenezwa kwa dawa hiyo hiyo. Tunamwongezea damu na tumemdunga sindano. Tungoje."

Daktari akarudi ndani. Omanga alimgeukia Edinah taratibu.

"Shemeji, si juzi nilipofuata ndizi Migori nilikukuta sokoni unanunua sumu ya panya?"

"Ulinikuta. Panya walikuwa wanamaliza mahindi ghalani."

"Na kaka yangu je? Naye alikuwa anamaliza mahindi?"

Edinah aliinuka kujieleza. Omanga alikwisha shuka ngazi, akaelekea kituo cha polisi.

Alirudi na Sajini Barnabas, mtu mzima mnene aliyeketi kwenye benchi kabla hajauliza lolote. Omanga alimweleza yote akiwa amesimama. Alitaka mwanamke afungiwe leo leo, kesi ya kujaribu kuua, na mzee akifa iwe ya kuua.

"Ngoja kwanza," alisema sajini, akamgeukia Edinah. "Mama, jana mzee alikula nini kwako?"

"Ugali na mboga ya managu."

"Kisha?"

"Kisha nikampa dawa yake ya moyo, kama kila jioni."

Phelesia, aliyekuwa ameegemea nguzo, aligeuka kumtazama.

Kila jioni.

Yeye ndiye aliyemsindikiza Ongeri siku dawa ilipotolewa. Alimsikia muuguzi kwa masikio yake: kimoja, jioni baada ya chakula, visiwe viwili hata kwa bahati mbaya. Walipofika nyumbani Ongeri aliomba nusu ya vidonge akaviweke kwa Edinah, ili siku za kulala kule asikose. Lilikuwa neno la kawaida. Ongeri aligawa kila kitu katikati: nyama, sukari, hata kiberiti. Na kila jioni alikula nyumba zote mbili, hapa kwanza, pale baadaye. Hakuwahi kusema ameshiba. Hakuwahi kutaja katika nyumba moja alichopewa katika nyingine. Kwa sababu hiyo boma lao lilikuwa na amani, na watu wakimsifu.

Lakini Phelesia hakuwa akimpa dawa siku za zamu yake tu. Alimpa kila jioni, hata zamu ikiwa ya Edinah, maana alijua moyoni kwamba yule mdogo atasahau.

Hakuna aliyejua hilo. Omanga alikuwa anamtazama Edinah, na sajini vilevile. Ilimtosha Phelesia kunyamaza tu, na Edinah angepelekwa, boma libaki na jiko moja.

"Afande," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hata mimi nilimpa."

"Ulimpa nini?"

"Hicho kidonge. Kila jioni."

Omanga alimgeukia Phelesia, akashika kichwa. "Mama Kerosi, unasema nini? Mnashirikiana?"

"Hatujawahi kushirikiana hata chumvi," Edinah alijibu bila kumtazama. Kisha akamtazama Phelesia. "Hata siku zangu?"

"Hata siku zako. Nilijua utasahau."

"Mimi nami nilijua wewe utasahau. Nikasema, yule mama miaka imeenda."

Sajini Barnabas alipangusa uso kwa kofia yake. "Sheria huuliza mtu alikuwa na nia gani," alisema. "Sasa hapa kila mmoja alimpa kimoja, na kimoja ndicho alichoandikiwa. Mzee akifa, nimkamate yupi?" Akawaonyesha kwa kofia. "Kaeni hapo benchi, nyote wawili. Asiondoke mtu mpaka mzee mwenyewe aseme, au asiweze kusema."

Wakakaa. Mabega yao yaligusana, na hakuna aliyejisogeza.

Alasiri, mfuko wa pili wa damu ulipokwisha kuingia, Ongeri alifumbua macho. Daktari aliruhusu maneno machache. Sajini aliinama kitandani.

"Mzee, ulijua dawa ni kimoja kwa siku?"

"Nilikuwepo nikiambiwa."

"Na wake zako walikuwa wanakupa viwili."

"Najua. Ni mimi niliyekuwa navimeza."

"Mbona basi ukameza?"

Ongeri aliwatazama wanawake waliosimama miguuni pake, mmoja kisha mwingine, muda ule ule kwa kila mmoja, kama alivyozoea.

"Afande, una wake wangapi?"

"Mmoja."

"Basi niambie wewe. Ningekataa cha nani?"

Sajini alinyooka. Alivaa kofia, akamwambia Omanga hana kesi ya kupeleka popote, wakatoka pamoja, Omanga akitazama sakafu.

Phelesia alibaki pale miguuni pa kitanda. Jioni zote zile alikuwa akimnyooshea kidonge na kikombe cha maji, akimtazama mpaka ameze, na yule mtu akameza akijua. Hakuogopa mauti. Alimwogopa yeye, na uso ambao angeuona lau angesema, nimeshapewa kule.

Edinah alifungua ncha ya leso, akatoa karatasi yenye vidonge.

"Chukua, Mama Kerosi. Ukae navyo wewe."

Phelesia aliitazama ile karatasi, na mikono ile ile iliyomnyooshea mzee vidonge kila jioni ikakataa kunyooka.